Kipi kitoke: gitaa, amplifaya, kinanda au akodiani ya marehemu?

Solo wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Nina vyombo vinne ndani na kimoja lazima kitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, binti anaingia kidato cha kwanza bweni (godoro, sanduku la bati, ndoo mbili, mnaijua orodha), na Ramadhani ikiingia harusi zinasimama, sisi wa bendi tunarudi kijiweni. Pengo langu ni milioni moja na nusu.

Vyenyewe ni hivi. Gitaa ni Fender Stratocaster ya Japani, namba yake inaanza na E, yaani ni la katikati ya miaka ya 1980. Nimetajiwa 1,600,000. Amplifaya ni Roland JC-120, nimetajiwa 1,300,000. Kinanda ni Yamaha PSR-S670, kuna mtu wa kanisani anatoa 1,200,000. Ya mwisho ni akodiani ya Hohner aliyoniachia marehemu mjomba, aliyekuwa akipiga taarabu Unguja. Hiyo imetajiwa laki tano tu, na aliyetaja alikuwa ameshika mlango anaondoka.

Kwa hesabu, gitaa peke yake ndilo linaloziba pengo. Kwa moyo, ndilo la mwisho ningeligusa. Nishaurini.

Fundi Waya

Mkuu, naanza na JC-120 kwa sababu hizo nazifungua mara kwa mara. Hiyo mashine imekuwepo tangu 1975 na haina valvu (zile taa za kioo za vyombo vya zamani) hata moja, ni transista tupu. Ndiyo maana inavumilia joto letu na umeme wetu. Lakini jiulize: mara ya mwisho imetoka nje ya nyumba yako lini? Ina kilo 28 hivi. Bodaboda haibebi, bajaji utabishana nayo, na ukumbini unakuta mwenye muziki wa kukodi kashapanga spika zake, anakupa waya uchomeke.

Kabla hujamwita mnunuzi, fanya mambo mawili. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V, hiyo ni ya soko la Japani, na atakayeichomeka moja kwa moja ukutani ataondoka na moshi, lawama zitarudi kwako. Halafu washa ile koras, yaani kile kitufe cha kutikisa sauti, na uweke sikio kwenye kila spika. Ziko mbili za inchi 12: moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa sauti iliyotikiswa, na utamu wake unapatikana zinapokutana hewani. Spika moja ikiwa imekufa, anayejua atakukata laki nne bila huruma.

Mtu wa Hesabu

Mnazunguka sana. Solo, uza gitaa. Umetajiwa bei inayomaliza tatizo na kubaki laki moja ya nauli. Tafuta Yamaha Pacifica iliyotumika, fundi akunyooshee shingo, maisha yaendelee. Watu wa harusini wanataka waone bibi harusi anaingia na solo linalia. Hakuna atakayegeuza gitaa kusoma kama limeandikwa E au F.

Solo wa Temeke

Kaka, nimekusikia na imeniuma kwa sababu ni kweli. Ila vidole vyangu vimezoea shingo ile miaka kumi na moja. Nikipiga gitaa la mtu mwingine nakosea hata nyimbo nilizotunga mwenyewe.

Bint Vuga

Shikamooni wakubwa. Mimi nitasema la akodiani, maana naona mnaipita kama kiti kibovu.

Kaka Solo, ipo wapi sasa hivi? Kama iko uvunguni ndani ya mfuko, unaiua taratibu huku ukidhani unaitunza. Ndani yake ulimi wa kila sauti umeshikiliwa kwa nta, na kuna vijipande vya ngozi vinavyofungua na kufunga pumzi. Nta haipendi joto na ngozi haipendi unyevu, na pwani tuna vyote viwili. Ile inataka kupigwa, japo robo saa kwa wiki, ipate kupumua.

Kuiuza kwa laki tano sikushauri, hata pengo lako haizibi. Huku Unguja vikundi vya zamani bado vinataka akodiani ya kweli, sauti ya kinanda cha umeme hawaihesabu. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, hawa si watu wa kuridhishwa na kitufe kilichoandikwa akodiani. Ukiona huipigi, mkopeshe kijana anayejifunza, kwa maandishi, iendelee kuwa yako.

Baba Wawili Likoni

Kutoka Mombasa hapa. Bint Vuga amesema kweli. Mimi niliuza kinanda changu cha Yamaha DX7 mwaka wa karo kunibana, nikaona ni mashine ya 1983, imezeeka, ya nini. Sasa naisikia kila Jumapili kanisa la jirani, na yule kijana hajabadilisha betri ya ndani, kwa hivyo sauti zote nilizotengeneza usiku na mchana zitafutika siku moja. Nilimwambia, akacheka.

Lakini kinanda chako, bwana, usikiguse. Kikikodishwa kinaleta ngapi?

Solo wa Temeke

Laki moja na nusu kwa harusi, nikikipiga mwenyewe au nikimpa dogo. Msimu mzuri ni mara nne kwa mwezi. Gitaa linanipa elfu sitini kwa shoo. Amplifaya, sasa nikikumbuka vizuri, imetoka mara moja tangu Pasaka, na ilitoka kwa sababu nilitaka kuionyesha.

Mtu wa Hesabu

Basi umejijibu, nafuta maneno yangu ya gitaa. Kinanda kinarudisha bei yake kwa harusi nane. Amplifaya inakula nafasi ya kabati.

Mama Kwaya

Ndugu yangu, kwa laki mbili za pengo zitakazobaki ukiuza amplifaya, nakuomba usiende kuweka chombo bondi kwa wale jamaa wa kausha damu. Nilimsindikiza mdogo wangu. Aliweka spika mbili achukue laki tatu, riba ikawa inahesabiwa kwa wiki, na alipokwenda na hela yote akaambiwa spika zimeshauzwa. Bora uongee na mwenye nyumba. Wengi wanakubali miezi mitano ukienda na fedha mkononi badala ya maneno.

Fundi Waya

Na bei usianzie 1,300,000 uliyotajiwa. Anza 1,500,000. Ifute vumbi, lakini usipake rangi kona zilizochubuka. Mnunuzi akiona rangi mpya anafikiri umeficha jambo.

Solo wa Temeke

Wakuu, mrejesho. Amplifaya imeondoka jana kwa 1,380,000. Kibandiko kilisema 240V, Alhamdulillahi. Alikuja kijana na mwalimu wake wa gitaa, na yule mwalimu hakuuliza chochote. Alipiga kodi (chord) moja, akapiga goti, akaweka sikio spika ya kushoto, kisha ya kulia, kama daktari. Akamwambia kijana, lipa. Tuliibeba watu watatu hadi kwenye kirikuu, na pale ilipokuwa imekaa sakafuni pamebaki alama ya mraba isiyofifia rangi.

Mwenye nyumba amekubali miezi mitano. Mama Kwaya, Mungu akuzidishie.

Bint Vuga, jana hiyohiyo usiku nimeitoa akodiani uvunguni. Mikanda imeota ukungu lakini mivukuto haijatoboka. Vitufe karibu vyote vinalia, isipokuwa sol ya katikati: nikivuta inaitika, nikisukuma kimya. Je, ni kile kijipande cha ngozi ulichosema? Na huko Unguja nani anaifungua bila kuyeyusha nta?