Plasta ya jasi inagandia kwenye ndoo, tatizo nini?

Mpaka_Dari: Wakuu, plasta ya jasi inakuwa ngumu kabla haijafika ukutani. Nikiongeza maji, inakauka ikiwa laini na inabomoka. Nakosea wapi?

Kemia_Ujenzi: Ndoo ni chafu, karibu nina hakika. Jasi ghafi ni CaSO₄·2H₂O, yaani kalsiamu salfeti iliyoshikana na maji. Ikichomwa kwenye nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji yake, ndiyo unga wa mfukoni. Ukiukoroga hunywa maji tena, hutoa joto na kuota fuwele zinazoshikana. Mabaki yaliyoganda ni mbegu za fuwele hizo, kwa hiyo yanaharakisha. Maji yakiongezwa baadaye huzivunja, na hazishikani tena.

Mwiko: Nyunyiza unga kwenye maji, usimwage maji kwenye unga. Kwa plasta ya kumiminia kwenye kalibu, gramu 600 hadi 700 za maji kwa kilo 1; ya ukutani fuata maelezo ya kwenye mfuko. Iache dakika 1 au 2 inywe, kisha koroga taratibu.

Mpaka_Dari: Kuichelewesha je?

Kemia_Ujenzi: Asidi ya sitriki, chembe tu, ikizidi inadhoofisha. Chumvi na maji ya vuguvugu huharakisha. Na tafadhali, usizamishe mkono kwenye plasta inayoganda: inaunguza vibaya.