Tupeane uzoefu: ukuta wa kuzuia udongo kwenye viwanja vya mteremko Dodoma, kibali na injinia

Mwenye uzi, Ntyuka

Wadau wa Dom habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu wa kuta za kuzuia udongo, sio fensi ya kawaida, nazungumzia ule ukuta unaobeba kifusi. Mliojenga milimani mtanielewa. Naanza na yangu.

Kiwanja changu kinashuka karibu mita 3 kutoka mbele hadi nyuma, nikaamua nisawazishe kwa kujaza kifusi afu nikinge kwa ukuta wa mawe upande wa chini. Kibali cha nyumba nilikuwa nacho, kimetoka Jiji, nikajua ndo kimemaliza kila kitu, kumbe kwenye michoro niliyopeleka huo ukuta haupo hata mstari mmoja. Fundi akasema mawe ya huku ni granaiti hayaendi popote, na kweli mawe hayakuwa na shida. Tukapandisha mita 2 na nusu, msingi upana futi 2, nyuma tukarudishia udongo ule ule tuliochimba, na matundu ya kutolea maji nikayakataa mwenyewe kwa sababu niliona yanaharibu muonekano. Kiangazi chote ukuta umesimama vizuri. Januari ikapiga mvua siku mbili, mnazijua mvua za huku, ni chache kwa mwaka lakini zikiamua zinashuka kwa mkupuo, siku ya tatu asubuhi nakuta ukuta umefanya tumbo, jioni umelala kwa jirani juu ya jiko lake. Mama wa watu alikuwa ametoka kuchota maji dakika chache kabla. Mpaka leo likinijia usiku usingizi unakata.

Injinia wa halmashauri alipofika swali lake la kwanza lilikuwa michoro ya huu ukuta iko wapi. Sikuwa na jibu. Nimelijenga jiko la jirani, nimesomba mawe, sasa naanza upya kwa kufuata utaratibu. Mliopita njia hii naombeni mnieleze.

Fundi wa Nzuguni

Pole sana mkuu, na shukuru Mungu yule mama yuko hai. Mi ni fundi, kuta za hivi nimeshika nyingi, na nikuambie ukweli kilichokuangusha ni maji. Udongo mkavu unasukuma kiasi, ukilowa unakuwa mzito, na maji yakikosa pa kutokea yanasukuma yenyewe, mita moja ya ujazo ya maji ni tani 1, hesabu yamejikusanya mangapi nyuma ya ukuta wako. Afu watu hawajui kwamba ukiongeza kimo mara mbili msukumo hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Ndo maana ukuta wa mita 1 unaweza kusimama kwa ubishi tu ila wa mita 2 na nusu unataka hesabu. Mainjinia niliofanya nao kazi wanaanza na upana wa kitako, yaani msingi ukuta unapokalia, kama nusu ya kimo hadi asilimia 70, kwa hiyo wako ulihitaji si chini ya mita 1 na robo, wewe uliweka sentimita 60.

Nyuma ya ukuta jaza kokoto au mawe madogo, sio udongo wa mfinyanzi, na ule udongo mweusi wa mbuga ndo kabisa usiuguse, unavimba ukilowa. Weka mabomba ya kutolea maji yapenye ukutani, na mbele chimba mtaro.

Kwa wanaomwaga zege: ukuta wa umbo la L nondo kuu zinakaa upande wa udongo, kwa sababu huko ndiko zege linakovutwa. Niliwahi kuitwa saiti nikakuta fundi kaziweka upande wa nje, na zege limeshamwagwa. Ilibidi livunjwe lote.

Mdau wa Itega

Mimi kibali nilichukua kabla. Nilipeleka nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi, ramani, na michoro ya strakcha (ya uimara wa ukuta) yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kilichonishangaza ni bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja. Mchoro wa kwanza ukuta ulikuwa juu ya mpaka sawasawa, lakini kitako chini ya ardhi kilitokeza sentimita 80 kwa jirani! Mchoro ukarudishwa. Tukausogeza ndani, nikapoteza kipande cha uwanja, iliniuma ila kiwanja cha mtu ni cha mtu. Injinia akauliza pia juu patakaa nini. Nikasema tenki la lita 5,000. Akasema hizo ni tani 5, tenki likasogezwa mbali na ukuta.

Mkazi wa Kondoa

Sisi huku babu zetu wameona milima ya Irangi ikikatika makorongo mpaka ukaja mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa milimani. Baba anasema hivi: kabla ya ukuta, kata maji huku juu. Mimi nimechimba mtaro juu ya mteremko na ukuta wangu ni mfupi, ngazi mbili za mita 1.

Dada wa Mkalama

Angalieni na mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, nilinyimwa kibali kwa hilo, ukuta ungekuwa imara vipi usingesaidia.

Mdau, ndugu yuko Marekani

Shemeji yangu anajenga kule, kanuni inayotumika sehemu nyingi inasamehe kibali kwa ukuta usiozidi futi 4, ila wanapima kuanzia chini ya msingi, na ukiwa umebeba mzigo juu msamaha hakuna. Msije mkaichukua hiyo futi 4 mkadhani ndo ya hapa, ulizeni Jiji.

Mwenye uzi

Asanteni sana. Fundi, hilo la maji limeniingia. Nimeenda kwa yule mama kumwonyesha mchoro mpya wenye mabomba, akaangalia kimya afu akaniuliza: "Mwanangu, haya maji yakitoka hapa si yanakuja kwangu?" Kwenye mchoro hapakuwa na jibu. Nimempigia injinia, kesho asubuhi anakuja kupima njia ya mtaro kutoka ukutani hadi ule wa barabara, na yule mama atakuwepo.