Menholi iko katikati ya uwanja: kabro, mazeras ama zege tu? (Nakuru)

mama_kiamunyi: Wadau habarini, nataka kutengeneza pale nyuma ya nyumba tuwe tunakaa jioni, tuchome na nyama. Shida kuna menholi (shimo la kukagua bomba) katikati kabisa na kifuniko kimesimama juu ya ardhi. Niweke kabro (vile vitofali vya zege vya kupanga), mazeras (yale mawe bapa) ama nimwage tu zege? Fundi anataka kuanza Jumamosi.

pima_maji: Dada, hujasema kitu. Ni ya choo ama ya maji ya mvua? Imesimama inchi ngapi? Uwanja unateremkia wapi? Bila hiyo tutakupigia ramli.

barobaro58: Kabro. Ukitaka kufungua unang'oa unarudisha. Ya milimita 60 inatosha kama gari haipiti hapo.

nyar_kano: Mnasifu kabro huko Nakuru juu udongo wenu wa volkano unakunywa maji. Hapa Nyamasaria, Kisumu, udongo mweusi ukinyeshewa unafura, ukikauka unapasuka, kabro inapanda inashuka. Lazima utoe huo weusi, ujaze maramu (udongo wa changarawe), ushindilie vizuri ndio uanze kuwaza kabro.

mzee_wa_njoro: Wekeni chochote lakini msifunike hiyo menholi. Nyumba niliyokuwa nimepanga, landilodi alileta fundi akapiga tailsi uwanja wote, menholi ikamezwa, eti ipendeze. Ikakaa sawa mpaka mvua ya Aprili, maji ya choo yakaanza kurudi bafuni, kwanza povu, halafu mambo mengine siandiki hapa watu wanakula. Jamaa wa kuzibua akaja na fimbo zake akauliza menholi iko wapi, tukatazamana. Landilodi hashiki simu. Wakaanza kugonga tailsi wakisikiliza wapi pana uwazi, wakavunja hapa siyo, wakavunja pale siyo, jioni uwanja umekuwa kama shamba la viazi, na menholi ilikuwa chini ya mtungi wa gesi karibu na mlango wa jikoni. Na deposti nikakatwa eti nimeharibu tailsi!

barobaro58: 😂😂 Hukurudishiwa?

mzee_wa_njoro: Wapi.

mama_kiamunyi: Pole mzee. Ni ya choo, inaenda septiki (tangi la maji taka). Upande wa nyumba iko sawa na ardhi, upande wa chini imetokeza kama inchi mbili. Kifuniko ni cha zege na vishikio vya nondo. Mazeras ndio napenda kwa macho.

pima_maji: Sasa tunaongea. Usiishushe, jaza upande wa chini. Funga uzi kutoka ukutani, ushuke sentimita moja na nusu kila mita, na sakafu ya nje ibaki chini ya ya ndani. Kifuniko cha futi mbili ukikilaza na huo mteremko tofauti haifiki sentimita moja. Fundi akivunja shingo ya menholi ili akilaze, aweke plaiwudi ndani kwanza, vifusi visianguke kwa bomba.

nyar_kano: Ama kile kifuniko cha trei unachojaza mazeras ndani, hakionekani kabisa.

barobaro58: Cha chuma? Wezi wa skrapu watashukuru. Hata 2022 serikali ilisimamisha hiyo biashara miezi kadhaa, ikafunguliwa tena, vifuniko vikaendelea kutembea.

nyar_kano: Nani ataingia uani kwake?

barobaro58: Hujaishi mtaa wa Section 58 hapa Nakuru wewe.

mzee_wa_njoro: Na hiyo mazeras inatoka Pwani, mpaka ifike Nakuru usafiri umekula pesa ya nyama.

pima_maji: Nyama yenyewe, jiko lisikae karibu na kifuniko. Gesi ya septiki inashika moto.

nyar_kano: Kuna anayejua mazeras Kisumu ni ngapi skwea mita siku hizi?