Orodha ya barua pepe au jukwaa: kipi kinatufaa?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni watengenezaji programu wapatao arubaini, wengine tuko Pemba na wengine Unguja, na mpaka sasa tunaulizana katika kundi la WhatsApp, ambako jawabu zuri huzama chini ya salamu na picha za harusi. Wiki iliyopita mtu aliuliza swali lile lile tulilolijibu Ramadhani. Tumekubaliana kuhama, wakubwa wanataka orodha ya barua pepe, yaani anwani moja ambayo ukiiandikia barua huwafikia wanachama wote, vijana wanataka jukwaa la kwenye wavuti, yaani tovuti ya kuuliza na kujibu. Nifahamisheni kipi kina manufaa zaidi, mkizingatia kwamba fedha zetu ni za kuchangishana.

Fundi wa Vuga
Wa alaykum salaam. Mimi nasimama na wakubwa. Barua ikishateremka katika kompyuta yako, hata mtandao ukikatika au ukiwa ndani ya boti ya kwenda Mkoani, unaisoma, unaandika jawabu, nalo litaondoka mtandao ukirudi. Tena kwa kukaguliana msimbo, yaani maandishi ya programu, wanaotengeneza kiini cha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, mpaka leo wanapelekeana marekebisho kwa njia hiyo, na Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo iliyozaliwa mwaka 2005 kwa ajili ya kazi yao, ina amri maalumu ya kuyatuma. Kasoro sikufichi: orodha huituma upya barua iliyoandikwa na mtu mwengine, kwa hivyo kampuni za barua pepe huitilia shaka na kuitupa kwenye taka. Mwaka 2014 Yahoo ilipokaza masharti ya anwani zake, orodha nyingi duniani zilivurugika.

Mwalimu wa Tunguu
Hayo ni kweli kwa wanaotumiana msimbo, lakini ndugu yetu wa Wete anazungumzia maswali, na vijana ninaowasomesha hawafungui barua pepe ila wanapoomba kazi. Jamii ya Python, lugha ya kuandikia programu, iliyotegemea orodha kwa miaka mingi, imehamishia sehemu kubwa ya mijadala yake katika jukwaa linaloendeshwa kwa programu ya Discourse, ambako mada hupangwa kwa makundi na aliyekosea anaweza kusahihisha alichoandika. Barua ikishatoka hairudi. Lakini Discourse inataka seva yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 1, na mtu wa kuisasisha. Nani ataifanya kazi hiyo hamasa ikishapoa?

Mkaazi wa Wete
Mtu huyo ni mimi, mwalimu, na nina watoto watatu na kazi ya mchana.

Fundi wa Vuga
Basi anza na Mailman 3, ambayo ni programu huria ya kuendesha orodha za barua pepe. Barua zake huhifadhiwa kwenye wavuti kupitia HyperKitty, sehemu yake ya hifadhi, na kijana asiyependa barua pepe ataingia huko huko asome na ajibu. Hakikisha tu kwamba hifadhi hiyo iko wazi kwa mitambo ya kutafuta kama Google, na uchukue nakala yake kila mwezi.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni sana. Nitalipeleka pendekezo hilo kwa wenzangu, na wakilikubali, barua ya kwanza itakuwa lile swali la Ramadhani pamoja na jawabu lake.