IBM XT ya 1983: feni inashtuka mara moja, kisha kimya

Mkibosho, Moshi
Wakubwa shikamooni, na wengine salamu. Ninayo IBM 5160, ile iliyoitwa XT, ambayo marehemu baba aliitumia kupigia hesabu za kahawa za chama cha msingi, na ambayo imekaa stoo zaidi ya miaka ishirini chini ya magunia. Nikiinua ile swichi nyekundu ya ubavuni, feni inashtuka nusu mzunguko na kusimama, wala hakuna mlio wala mwanga. Fundi mmoja wa simu ameniambia pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, imekufa. Je, ni kweli?

Mzee wa Tengeru
Marahaba. Badili betri kwanza. Yangu ilisumbua hivyohivyo, ikawa inaandika 161 kila nikiiwasha.

FundiSakina, Arusha
Mzee wangu, kwa heshima zote, 161 ni namba ya hitilafu ya betri kwenye AT, kompyuta ya IBM iliyoifuata XT, iliyotoka 1984. XT haina betri ya kutunza mipangilio, kwani mipangilio yake huwekwa kwa vijiswichi vya kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Isitoshe, mashine inayoandika namba kwenye skrini imekwisha kuwaka.

Mkibosho, kwanza soma kibandiko cha pawa saplai uhakikishe kwamba si ya volti 120. Ikiwa inakubali umeme wetu, basi feni kushtuka na kusimama kwa kawaida ni dalili ya pawa saplai iliyo hai, inayojizima kwa kuwa imekutana na shoti. Usiijaribu ikiwa tupu, maana bila mzigo hujizima vilevile. Chomoa waya wa ukutani, toa kadi zote, ng'oa plagi za P8 na P9 zinazoleta umeme kwenye mazabodi, kisha pima ukinzani kwenye pini za mazabodi: katika P8 pini ya tatu ni volti 12 chanya, ya nne ni 12 hasi, ya tano na ya sita ni ardhi, ambayo nyingine hupimwa dhidi yake. Ukikuta karibu na sifuri, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu, kile kidude chenye umbo la tone. Mstari uliochorwa juu yake huonyesha upande chanya, kinyume cha kapasita za kopo tulizozoea kwenye redio, na kosa la kuigeuza limeshanilipukia usoni. Unaporudisha plagi, waya nyeusi zote nne zikutane katikati.

Mkibosho, Moshi
Pini ya tatu ilisoma ohm 0.8. Nimeng'oa kapasita moja iliyokuwa na doa jeusi ubavuni, ukinzani ukapanda, na feni sasa inazunguka bila kusita. Nitalehemu nyingine ya volti 25 badala ya 16. Ila skrini imeandika 301.

FundiSakina, Arusha
Hiyo ni kibodi. Je, ni ile ya baba?

Mkibosho, Moshi
Hapana, nimeazima ya AT, kwa kuwa plagi iliingia vizuri.

FundiSakina, Arusha
Plagi ni moja, lakini lugha ni mbili. Rudi kwenye magunia ukatafute ya baba.