Igizo dhima kwa wanafunzi 82, kipindi cha dakika 40: mnalipangaje?

Mwl. Pembezoni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu. Mada ni mikataba ya Karl Peters, yule Mjerumani aliyewasainisha machifu wetu kutoa nchi zao, hasa ule wa Chifu Mangungo wa Msovero, Usagara, tarehe 29 Novemba 1884. Andalio la somo linasema nitumie igizo dhima. Darasa lina wanafunzi 82, madawati ni ya watatu watatu, kipindi ni dakika 40, na darasa la jirani linasikia kila kitu. Igizo la kawaida shuleni tunalijua: sita mbele, sabini na kitu wanacheka, kengele inalia kabla ya mjadala. Makundi niyagawe vipi? Kadi ziandikwe nini? Na alama nitoeje bila kumpa zote yule mchekeshaji wa darasa?

Chaki na Vumbi

Mwalimu, kwanza tenganisha vitu viwili. Igizo lenye maneno ya kukariri na watazamaji ni la mahafali na siku ya wazazi. Igizo dhima halina watazamaji: kila mtu ana nafasi yake, ana anachokitaka, na maneno anayatunga papo hapo. Ukilifanyia mbele ya darasa umeshalirudisha kwenye mahafali.

Kwa hiyo makundi yote yaigize kwa wakati mmoja. Usihamishe dawati hata moja. Dawati la mbele wageuke nyuma, watatu watazamane na watatu, tayari una kundi la sita. Kwa 82 unapata makundi 12 ya watu sita na mawili ya watu watano. Nafasi ni hizi: chifu, mshauri wake, mgeni Mjerumani, mkalimani, shahidi, na mchunguzi ambaye haongei, anaandika tu. Kundi la watano liondoe shahidi. Mchunguzi usimwondoe kamwe, maana mjadala mzima unamtegemea yeye.

Kadi: karatasi ya manila ukiikunja katikati mara tano unapata vipande 32. Manila tatu zinatosha na baki inakuwa akiba, kwa sababu kadi hupotea. Kila kadi iwe na mistari mitatu tu: unachokijua, unachokitaka, usichokijua. Mfano wa mgeni: "Unajua hati inasema chifu anatoa nchi yake na haki zake zote. Unataka alama yake kwenye karatasi leo. Hujui kama kuna mtu hapa atakayeuliza maswali." Wa chifu: "Unajua njia ya misafara inapita Usagara na wageni huja na zawadi. Unataka urafiki na mtu mwenye nguvu. Hujui kusoma hati hii." Usiandike hata sentensi moja ya kutamka. Ukiwaandikia maneno watasoma kadi, na kichwa hakitainuka.

Muda: dakika 5 maelezo na kugawa kadi, 4 kila mtu kusoma yake kimya, 8 kuigiza, 15 mjadala, 6 kuandika. Hapo ni 38, mbili ni za kelele. Mjadala uwe mrefu karibu mara mbili ya igizo. Wengi wanafanya kinyume, halafu wanasema mbinu haifai.

Bibi Mizani

Naongeza kuhusu mkalimani, maana hapo ndipo igizo hili linaposimama au kuanguka. Ukimwambia mwanafunzi "ongea Kijerumani", ataropoka maneno ya ajabu na darasa zima litaishia kwenye vichekesho. Tumia mnong'ono. Mgeni anamnong'oneza mkalimani kwa Kiswahili, chifu haruhusiwi kusikia, mkalimani ndiye anayepaza sauti. Kwenye kadi ya mkalimani andika: "Maneno 'haki zote' huyaelewi vizuri. Sema unachodhani yanamaanisha." Makundi 14 yatatoa tafsiri 14 tofauti, na huo ndio mtaji wa mjadala wako. Faida ya pili: mnong'ono unapunguza kelele kwa jirani.

Mjadala uanze na wachunguzi peke yao: "Mgeni alinong'ona nini, chifu alisikia nini?" Baadaye chukua chifu mmoja, mkalimani mmoja na mgeni mmoja kutoka makundi tofauti, waketi mbele kwenye kiti moto (acheni kucheka, si ile ya buchani), kila mmoja aulizwe maswali mawili au matatu na ajibu akiwa bado ndani ya uhusika.

Kisha walete kwenye hati yenyewe. Inadai kwamba Mangungo alielezwa kila kitu waziwazi kupitia mkalimani aitwaye Ramazan, na kwamba chifu alitamka kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hata hajui kama Sultani huyo yupo. Waulize: njia ya misafara ya kutoka pwani inakatiza Usagara, chifu wa huko anaweza kweli kutomsikia Sultani? Nani alinufaika na sentensi hiyo kuwemo? Wakishaigiza, swali hili wanalijibu kwa hoja. Ukilitoa kavu kabla ya igizo utapata kimya.

Fundi wa Ratiba

Samahani, ila muhtasari ni mrefu. Tukitumia kipindi kizima kwa mkataba mmoja, Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya nje kuhusu Afrika, tutaufundisha lini? Mimi naona njia fupi: chora ramani kubwa ya Afrika kwenye manila, wanafunzi 14 wawe mataifa 14, wape mikasi wagawane. Dakika 20 umemaliza mkutano wote.

Chaki na Vumbi

Mkuu, mkasi huo utafundisha kosa. Mkutano wa Berlin ulianza 15 Novemba 1884 ukaisha 26 Februari 1885, na mataifa 14 yalihudhuria kweli. Lakini hawakukaa mezani kuchora mipaka ya nchi zote. Walikubaliana juu ya biashara huria Kongo, usafiri kwenye mito ya Kongo na Niger, na utaratibu wa kudai eneo jipya la pwani: uwajulishe wengine na uwe na utawala unaoonekana pale. Mipaka ilikuja kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Mstari wa kutoka mto Umba kwenda Ziwa Viktoria, na ukanda wa maili kumi wa pwani alioachiwa Sultani, ni wa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886. Kitu ambacho mwanafunzi amekifanya kwa mikono yake hakitoki kichwani, ndiyo maana igizo lenye kosa lina madhara kuliko ubao wenye kosa. Ubao unafutika.

Kama unataka kuunganisha Berlin, tumia tarehe: hati ya Kaisari wa Ujerumani ya kuyaweka maeneo ya kampuni ya Peters chini ya ulinzi wake ilitolewa 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa. Iandike ubaoni, uwaachie wenyewe waunganishe. Dakika 3.

Kuhusu muda nakubaliana nawe nusu. Igizo dhima si la kila mada. Linafaa penye watu wawili au zaidi wanaotaka vitu tofauti: mkataba, kesi, baraza la kijiji, mgogoro wa mkulima na mfugaji. Orodha ya sababu tano za jambo fulani usiiigize, ifundishe kawaida. Mara mbili au tatu kwa muhula zinatosha.

Dada Nidhamu

Mnasahau kuvua uhusika. Huku kwetu jina la Mangungo limeshakuwa tusi, watu wanasema "mikataba ya kimangungo" wakimaanisha upumbavu wa kuuza nchi. Mtoto akicheza chifu leo, kesho ataitwa Mangungo bwaloni, na jina litamganda hadi amalize shule. Hatua ni tatu. Kadi zirudishwe mikononi mwa mwalimu. Kila mmoja amtajie jirani jina lake halisi na jambo moja ambalo yeye angelifanya tofauti na mhusika wake. Na wewe mwalimu usije ukamwita mwanafunzi kwa jina la uhusika, hata kwa utani.

Kadi zigawe kwa kuzifunika. Ukichagua wewe, mpole atakuwa mtumwa au mtu wa kudanganywa kila kipindi, na kiranja atakuwa bwana mkubwa. Tena usiigize kipigo, mnyororo wala mnada wa watumwa. Mambo hayo yanasomwa na kujadiliwa, hayachezwi.

Mwl. Pembezoni

Asanteni sana. Nimepata zaidi ya nilichoomba. Bado alama. Na je, nisimamishe katikati nimruhusu mwanafunzi mwingine achukue nafasi ya chifu na kukataa kusaini? Nimesoma kwamba kuna mbinu hiyo.

Bibi Mizani

Hiyo ni mbinu ya Augusto Boal wa Brazili: tukio linasimamishwa, mtazamaji anaingia na kujaribu njia nyingine. Ni nzuri sana kwa utoro, mimba za wanafunzi au rushwa, kwa sababu matokeo bado yako mikononi mwao. Kwa tukio la 1884, kuwa mwangalifu. Darasa litatoka likiamini kwamba "hapana" moja ingeizuia Ujerumani, ilhali Sultan Barghash wa Zanzibar alipinga na bado Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga Zanzibar.

Badala yake ingia wewe mwenyewe ndani ya igizo, mbinu aliyoijenga sana Dorothy Heathcote wa Uingereza. Dakika ya sita piga makofi mawili, vaa kofia, useme: "Nimetumwa na Sultan Barghash. Nani ameweka alama kwenye karatasi ya nani?" Makundi yote yatageuka kukujibu kwa pamoja. Ukivua kofia, umerudi kuwa mwalimu. Bila kifaa kama kofia au kitenge begani hawatajua waongee na nani.

Alama: usiguse uigizaji hata kidogo. Sahihisha zile dakika 6 za kuandika tu, alama 10. Nne kwa kueleza mhusika wake alitaka nini na kwa nini. Nne kwa kutaja tofauti kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa kwenye hati. Mbili kwa kutumia tarehe au mahali kwa usahihi. Nusu ukurasa, si zaidi. Karatasi 82 za nusu ukurasa ni kazi ya jioni mbili, kwa hiyo usilipange igizo wiki ya mitihani.

Dada Nidhamu

Na makofi mawili ya kusimamisha wafundishe kabla ya kugawa kadi. Wakishashika kadi hawakusikii tena.