MJADALA: Jogoo na bata wapigwe marufuku kwenye makazi? Mimi napinga

Mama wa Ayivu (mwanzisha mada):

Habari zenu ndugu zangu, naomba tuongee hili kwa uzito manake linagusa nyumba nyingi. Huku kwetu Arua, Uganda, kwenye mkutano wa kijiji imeletwa hoja kwamba jogoo na bata waondolewe kwenye makazi yote, mitetea wabaki lakini wafungiwe. Sababu wametoa kelele za alfajiri, uchafu wa bata, na kwamba sasa tuko jiji, mambo ya kijijini yaishe. Hakijapitishwa kitu bado. Ndio maana naongea sasa.

Nianze na hilo la jiji. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ikawa jiji pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Masaka, Mbale na Fort Portal. Sisi wa Ayivu, huku pembeni mwa jiji, tulikuwa na mihogo yetu na kuku wetu kabla ya hapo, hakuna aliyehama, mpaka wa mji ndio umekuja ukatuzunguka. Sasa mtu ananunua ploti ya futi 50 kwa 100 katikati ya mashamba ya watu, anajenga, anaweka geti, alafu mwezi wa pili anauliza huyu jogoo wa nani. Jogoo alikuwepo bwana.

Alafu watu wanaongea kama jogoo kazi yake ni kupiga kelele tu. Kweli mtetea anataga bila jogoo, ila yai hilo haliangui. Na kuku wengi wa Uganda bado ni hawa wa kienyeji, hawatoki kwenye mashine, wanatoka chini ya mama yao baada ya siku 21. Ukiondoa jogoo umemwambia mama mwenye mitetea sita kwamba kuanzia leo kila kifaranga atanunua, na kifaranga wa kununua mara nyingi anataka chakula cha kununua na dawa ya kununua, wakati huyu wa kwetu anachakura mchwa na kula makombo ya posho, yaani ugali, na maisha yanaenda. Na pesa ya kuku ni pesa ya mama, hilo wanaume wengi kwenye mkutano hawakuligusa kabisa. Ng'ombe akiuzwa baba ndio anaamua, lakini jogoo mama anamshika miguu anampeleka sokoni haulizi mtu. Krismasi na Idd jogoo mkubwa bei inapanda, hapo ndio zinatoka daftari na yunifomu za Februari. Na wenzetu Baganda kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, kaka wa bibi harusi lazima apewe jogoo, sasa atatoka wapi kama kila mji unamfukuza?

Bata ndio wameonewa zaidi. Bata wengi tunaofuga ni wale wa uso mwekundu wenye vinundu, Muscovy, asili yao Amerika ya Kusini, na hawa hawalii kwaa kwaa hata. Dume anatoa pumzi tu kwa nguvu, jike unaweza kukaa naye siku nzima humskii mpaka uguse watoto wake. Kumweka bata huyu kwenye marufuku ya kelele ni kuandika sheria ya kitu usichokijua. Anakula konokono na wadudu bustanini, anaatamia siku 35 bila kuchoka, kuna watu wanamwekea mpaka mayai ya kuku na anayaangua.

Kampala yenyewe, pale walipobanana, mwaka 2006 walitunga sheria ndogo za mifugo na kilimo cha mjini, na hawakusema mifugo itoke, walisema uwe na kibali. Nasi tuwekeane masharti kama hayo. Marufuku nakataa.

Mpangaji:

Mama nakuheshimu sana lakini wewe unaongelea Ayivu, mimi naongelea mizigo, hizi nyumba za vyumba vya kupanga vilivyopangana. Nimepanga kwenye nyumba ya milango minane, mimi ni askari wa usiku, narudi saa moja asubuhi nataka kulala, jirani ana majogoo wanne kwenye banda la mabati hatua tatu kutoka dirisha langu. Wanaanza saa kumi usiku wakati mtoto ndio kwanza kalala na mke wangu anaamka na kichwa kinauma, alafu nikirudi mimi bado wanaendelea. Jogoo ukiwa karibu naye sauti inapita desibeli 100. Kanuni za kelele tunazo tangu 2003, baa inaambiwa ipunguze, kanisa linaambiwa lipunguze, kwa nini mwenye jogoo asiguswe?

Na najua mtaleta ile ya Ufaransa, jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron, majirani walishtaki na mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ikaamua aendelee kuwika, mwaka 2021 wakatunga na sheria ya kulinda sauti na harufu. Sheria hiyo ni ya mashambani jamani! Mimi niko mjini nalipa kodi ya nyumba kila mwezi, na usingizi pia ni haki yangu. Bata nao, hilo beseni lao la maji linakaa wiki nzima likiwa la kijani, linanuka, mbu wote wa mtaa wanazaliwa hapo.

Wa Masaka:

Kelele mimi naona ni jambo dogo. Mmesahau Januari 2017? Ndege wa porini walikutwa wamekufa Lutembe karibu na Entebbe, ikapimwa ikawa homa ya mafua ya ndege, H5N8, na huku kwetu Masaka ikapatikana kwa bata na kuku wa kufugwa. Kenya wakafunga mpaka kwa kuku wetu, watu waliokuwa wanaishi kwa biashara hiyo wakakaa hivi hivi. Bata anaweza kubeba ugonjwa na asionyeshe dalili, anatembea tu anakunywa maji na kuku wako. Kwangu jogoo abaki, bata aondoke, hasa sisi tulio karibu na ziwa.

Mama wa Ayivu:

Mwanangu mpangaji, pole. Wala sikupingi, majogoo wanne kwenye milango minane ni makosa na huyo jirani kakukosea. Lakini tuangalie kitu kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake ndani ya mwili, hata ukimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika bado anawika muda wake ukifika. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba wakikaa pamoja anaanza mkubwa, wengine wanafuata kwa cheo. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba ukimfungia gizani atanyamaza kabisa, giza linasaidia asishtuliwe na taa za magari basi, saa yake iko palepale. Ila kinachokuua wewe ni wanne kujibizana. Mmoja anatosha mitetea kumi, hao watatu wengine wanafanya kazi gani pale? Wakianza kujifunza kuwika tu, wengine wanaanza hata hawajamaliza miezi mitano, waende sokoni au waende jikoni.

Ndio masharti ninayosema. Jogoo mmoja kwa kila boma. Nyumba za kupanga zinazogawana ukuta, hapana jogoo mpaka wapangaji wote wakubali. Banda liwe upande wako, mbali na chumba cha jirani, usiweke taka zako kwenye dirisha la mwenzio. Beseni la bata limwagwe kila siku kwenye shina la mgomba. Mbu anataka kama wiki moja kutoka yai mpaka aruke, maji yakimwagwa kila asubuhi hana nafasi. Uvivu wa mtu mmoja kumwaga beseni usije ukanyima mtaa mzima bata.

La Ufaransa umelileta mwenyewe basi nikujibu, ni kweli sheria ile ni ya mashambani. Ila Ayivu ni nini sasa? Kwenye makaratasi jiji, ukitoka nje unaona mihogo. Ndio maana nasema sheria moja ya mji mzima haitufai, mizigo iwe na masharti yake na boma lenye shamba liwe na yake.

Kaka wa Masaka, wewe ndio umenigusa kweli, manake hilo si la kubishana, ugonjwa upo. Bata wasilale na kuku, wasinywe chombo kimoja, na wasiachiwe kwenda ziwani na kwenye vinamasi kukutana na ndege wa porini. Lakini fikiria marufuku ikipita watu watafanya nini. Wewe unawajua watu wetu, hawatachinja bata wote siku hiyo. Watawaficha jikoni, chumbani, nyuma ya nyumba. Alafu siku wakianza kufa nani atapiga simu kwa daktari wa mifugo aseme bata wangu wa marufuku wanakufa? Atawachinja haraka awauze au awatupe mtoni usiku. Yaani ule ugonjwa unaouogopa utakaa mtaani wiki nzima hakuna aliyesema. Mwenye kibali hana cha kuficha, anaita mtu mapema.

Na mdondo huo huo (Newcastle) unaomaliza kuku wetu kila mwaka kuliko hata mafua ya ndege, kinga yake ni chanjo, tone moja la jicho kila miezi mitatu. Kijiji kizima kikichanja siku moja kuku wanasalimika. Nyumba iliyoficha kuku haitawaleta siku ya chanjo.

Mpangaji:

Jogoo mmoja nakubali. Kwenye mizigo hapana, hapo umenisikia nashukuru. Lakini mama, nani atakuja kuhesabu? Sheria tunazo nyingi, anayekuja anakuja na mkono wazi.

Mama wa Ayivu:

Kibali kiandikwe idadi, kipatikane kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, bila malipo, na orodha ibandikwe pale tunapofanyia mikutano kila mtu aione. Jirani ndio atahesabu, manake yeye ndio anayesikia. Akizidisha, anapewa wiki mbili auze waliozidi, hakuna faini, hakuna kuja kubeba kuku wa mtu. Mkutano unaofuata nitalisema hivyo, na kama kuna wapangaji wa huku Arua wanasoma hapa naomba waje, manake mkutano uliopita tulikuwa wenye maboma peke yetu.